Kinanda Kisichokuwa na Midundo

Harieth alikinunua kile kinanda jijini Mwanza, kwenye kanisa moja lililokuwa likisafisha stoo yake. Mama aliyeshika funguo za stoo hakumficha kitu.

"Hakina midundo ndani," alisema. "Hakina tarumbeta, hakina gitaa. Na ukibonyeza sehemu mbili kwa mpigo kinalia sauti moja tu. Kwaya walikikataa tangu zamani."

Kilikuwa kifupi, na juu ya vibao vyake vya kupigia zilijipanga nobu, vile vifundo vya kuzungusha, nyingi kuliko alizowahi kuona kwenye kinanda chochote. Kazi ya Harieth ilikuwa kutengeneza vifaa tiba katika hospitali moja ya Bariadi, na hakuwa mtu wa kutembea bila bisibisi. Alifungua skrubu nne za chini, akachungulia. Transista, kapasita, nyaya. Hakuna hata dalili ya kompyuta. Kila sauti ilitengenezwa na umeme wenyewe, palepale, mtu akiwa anabonyeza. Alikifunga kwenye kitenge, akapanda nacho basi la mchana, amekipakata njia nzima.

Alikuwa na miaka thelathini na nane, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu Bariadi. Kwao ni Muleba. Kazini walimwita Fundi na walimheshimu. Mashine ya oksijeni ikizima wodini, jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Lakini ikifika chai ya saa nne, wenzake walirudi kwenye Kisukuma bila nia mbaya yoyote, naye akabaki anazungusha kijiko kwenye kikombe, akicheka pale wanapocheka. Bukoba alikuwa ameacha mchumba, Anthony. Mwaka wa kwanza walipigiana simu kila siku, wa pili kila Jumapili, na wa tatu aliziona picha za harusi yake kwenye simu ya mtu mwingine. Hakulia. Alirudi nyumbani akafua mashuka yote, hata yaliyokuwa safi.

Alipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Mzee Mboje, upande wa Malambo. Mzee mwenyewe aliishi chumba cha tatu, peke yake tangu mkewe Nyanjige alipofariki. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Miaka thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa mafeni makubwa yanayofyonza pamba kutoka kwenye malori. Mtoto wake pekee aliyebaki hai, Milembe, alikuwa ameolewa Shishiyu.

"Mwadila, mayu," alimsalimia Harieth kila jioni, maana kwa Kisukuma mwanamke yeyote wa kuheshimiwa unaweza kumwita mama.

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Hapo, kwenye kuulizana na kujibiana salama tu, Kisukuma cha Harieth kiliishia, na mazungumzo yao pia yaliishia hapo. Kila mmoja aliingia kwake. Miaka miwili na zaidi ilipita namna hiyo.

Kinanda ndicho kilichobadilisha. Jumamosi moja Harieth alikiweka barazani penye mwanga, akaanza kulehemu nyaya zilizokatika. Mzee Mboje alisikia harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka, akatoka na kiti chake, akakaa upande wa pili wa meza bila kuuliza. Alikaa mpaka saa kumi na mbili. Jumapili alirudi.

Wiki ya tatu kinanda kilitoa sauti. Katikati kulikuwa na nobu moja kubwa kuliko zote, nobu ya filta. Ukiizungusha hadi mwisho wa kushoto, sauti ilifunikwa, ikawa kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Ukiizungusha kulia polepole, ilifunuka kidogokidogo mpaka ikawa wazi. Harieth alikuwa ameisikia sauti ya namna ile akiwa mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, kwenye kinanda cha mwalimu wake wa elektroniki, na hakuwahi kuisahau. Ilikuwa inafunguka pana, inajaza karakana nzima, mpaka vikombe vinatetemeka. Hiki chake kilifunguka chembamba, mithili ya bati linalokwaruzwa na msumari.

"Inapanda," Mzee Mboje alisema, akitazama mkono wa Harieth.

"Inapanda, lakini haina nyama, baba. Inakera."

"Hiyo nobu inafanya nini hasa?"

Harieth alifikiri namna ya kumweleza. "Haiongezi kitu. Inakata. Sauti inaingia ikiwa nzima, filta inaikata sehemu za juu, halafu ninapofungua inaziachia moja moja. Huo ufunguaji ndio utamu wenyewe."

Mzee aliitazama nobu kwa muda, kidevu mkononi. "Sisi kiwandani mashine ilikuwa inatoa mbegu, inabakiza nyuzi. Ukiilisha pamba kidogo, unapata nyuzi kidogo. Hata mashine iwe mpya. Wewe unailisha nini hiyo?"

Swali lile lilimkaa. Jioni hiyo aliuchora mpangilio mzima wa kinanda kwenye daftari. Akaona kwamba alikuwa anailisha filta wimbi moja, tena lile jembamba, ambalo ndani yake hakuna nyama ya kukata. Aliligeuza kuwa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, lililojaa sauti ndogondogo ndani yake, na pale pale filta ikapata cha kutafuna. Kisha akagundua kwamba kinanda kilikuwa na vyanzo viwili vya sauti, na cha pili kilikuwa kimekufa. Kapasita moja ilikuwa imevimba. Aliomba ruhusa kazini, akatoa ya kufanana nayo kwenye mashine kuukuu iliyokwisha kuandikiwa kutupwa.

Chanzo cha pili kilipoamka, alikisogeza mpaka kikalingana na cha kwanza, halafu akakiharibu kidogo makusudi, kikawa chini kwa unywele tu. Sauti mbili zikaanza kuvutana. Zilikaribiana, zikaachana, zikakaribiana, na filta ilipofunguka juu yake ule mvutano ulifunguka nao.

"Eeh!" Mzee Mboje aliguna, akatikisa kichwa. "Sasa inapanda kweli."

Ikawa mazoea. Siku za kazi Harieth alirudi saa kumi na nusu, akabandika chai, akatoa kinanda na spika yake ndogo. Mzee alileta kiti. Harieth alibadilisha kitu kimoja kila siku na kukiandika: leo filta ifunguke yenyewe kwa sekunde nne, kesho kwa tisa, leo ifuate noti, kesho isifuate. Akimaliza alimuuliza mzee, "Ya jana au ya leo?" na mzee alijibu bila kusita, "Ya leo," au "Ya jana ilikuwa na heshima zaidi." Kati ya sauti na sauti waliongea. Mzee alimsimulia jinsi Nyanjige alivyokuwa akimletea uji kiwandani, jinsi vumbi la pamba lilivyokuwa likimfanya aonekane mweupe kuanzia kope hadi viatu. Harieth alimsimulia Muleba, migomba, mvua isiyouliza mwezi. Hata Anthony alimtaja, kwa sentensi mbili. Mzee hakusema pole. Alisema, "Hakujua kuhesabu hasara," na wote wawili wakacheka.

Jumapili moja mwezi wa saba, malori ya pamba yakipita barabarani, Harieth alikuwa amepata mpangilio ambao aliuona bora kuliko yote. Alibonyeza kibao kimoja, akaanza kuizungusha nobu kubwa polepole, na mzee akaanza kuisindikiza kama kawaida yake, kiganja kikipanda hewani.

"Inapanda," alisema. "Inapanda."

Umeme ukakatika. Spika ilinyamaza ghafla. Kwa sababu hakuamini mara moja, mkono wa Harieth uliendelea kuizungusha nobu mpaka mwisho. Kiganja cha Mzee Mboje nacho kiliendelea kupanda.

"Inapanda," alisema, akitabasamu, macho yake kwenye vidole vya Harieth. "Hii ni nzuri. Ya leo imeizidi ya jana."

Harieth aliutoa mkono kwenye nobu. Mzee alishusha kiganja chake, akapiga makofi mawili madogo.

Usiku huo hakulala vizuri, na kesho yake aliamua kumwambia. "Baba, nataka kukupima masikio. Kama wanavyopima hospitali." Mzee alijaribu kukataa, akakubali. Harieth alimgeuza akae anatazama ukuta. Kinanda kile, ukiizungusha nobu ya pili, ile inayoichongoa sauti, hadi mwisho, filta yenyewe ilianza kupiga mluzi safi. Harieth aliuanzia mluzi chini kabisa, akaupandisha.

Maelekezo alikuwa amempa kabla ya kumgeuza: "Nyoosha mkono. Usiposikia, ushushe."

Mzee alinyoosha mkono. Mluzi ulipanda. Ulikuwa bado haujafika sauti ya mwanamke anayeongea pale mkono uliposhuka. Harieth alirudia mara tatu, na mara zote tatu mkono ulishuka palepale. Yote aliyokuwa ameyahangaikia kwa miezi mitatu, ule mng'aro wa juu, ule mfunguko wa mwisho, yalikuwa yakipita juu ya kichwa cha Mzee Mboje bila kumgusa.

"Nimefaulu?" mzee aliuliza, akageuza kiti kumtazama.

"Mafeni yale, baba. Yamekula sehemu za juu."

"Yamekula," mzee alikubali. Harieth hakuthubutu kuuliza kwa nini siku zote alikuwa akichagua ya jana au ya leo.

Alichofanya ni kuanza upya kutoka chini. Alikishusha chanzo cha pili kwa oktava nzima. Akagundua kitu alichopaswa kukiona mapema: kadiri alivyoichongoa sauti kwa ile nobu ya pili, ndivyo tumbo lake lilivyokonda. Alikuwa ameinunua ncha kwa kuiuza besi. Aliirudisha nobu ile karibu na sifuri. Akapandisha nguvu ya vyanzo vyote viwili kabla havijaingia kwenye filta, mpaka filta ikaanza kulemewa kidogo, na kule kulemewa kukaipa sauti joto na ukwaruzo mzito. Ule mwendo wa kufunguka akauhamishia huku chini, ambako mzee angeufuata. Ila spika yake ndogo haikuweza kuubeba. Ikabidi atafute spika ya inchi kumi na tano na kumpelekea seremala vipimo vya boksi.

Boksi halikuwahi kwisha kwa wakati. Wiki ya pili ya mwezi wa nane, Mzee Mboje alikuwa akivuka barabara kutoka sokoni, bodaboda ikampigia honi kwa nyuma, hakuisikia. Dereva aliikwepesha pikipiki, lakini usukani ulimgonga mzee begani, akaanguka. Hakuvunjika. Alichubuka mkono na uso. Kesho yake Milembe alifika kutoka Shishiyu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, akakuta baba yake anajaribu kufua shati kwa mkono mmoja.

"Anaondoka na mimi," alimwambia Harieth barazani. "Mdogo wangu, nakushukuru ulikuwa unakaa naye. Lakini hapa mjini pikipiki zitamuua."

"Ni kweli, dada."

"Vyumba vyako wewe kaa tu. Chake nitakipangisha."

Mzee aliondoka na begi moja na kiti chake. Kwenye gari alimshika Harieth mkono kwa mkono wake mzima, akamshukuru, "Wabeja, mayu," na gari likaondoka.

Boksi lilifika siku nne baadaye. Harieth aliliunganisha peke yake. Alibonyeza noti ya chini, akaiacha filta ifunguke, na kwa mara ya kwanza alisikia alichokuwa akikitafuta tangu chuoni. Sauti ilitoka sakafuni. Maji kwenye beseni yalichora miduara. Alipomaliza aliinua macho kuuliza ya jana au ya leo, na mbele yake kulikuwa na ukuta.

Alirekodi kwa simu, akamtumia Milembe kwenye WhatsApp. Jibu lilikuja mchana: "Baba anasema hasikii kitu. Labda simu yangu mbovu?" Simu haikuwa mbovu. Kispika cha simu hakina uwezo wa kutoa besi, na sehemu iliyotoka ndiyo ile ambayo mzee hakuwa nayo tena. Harieth aliandika "Hamna shida, dada, msalimie," akafunga simu.

Septemba yote hakukigusa kinanda. Chumba cha mzee kilichukuliwa na mtumishi mmoja aliyehamia kutoka Dodoma, kijana mpole aliyesalimia kwa Kiswahili safi na kuvaa vizibo vya muziki masikioni muda wote. Harieth alirudi kazini, akapika, akala, akaosha sahani moja na kikombe kimoja. Siku nyingine ilifika saa tatu akagundua kwamba tangu atoke hospitalini hajatamka neno.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba alikifunga kinanda kwenye blanketi, akalifunga boksi kwa kamba, akapanda basi la Maswa. Pale Maswa alimpata mwenye pikipiki ya magurudumu matatu aliyekubali kumpeleka Shishiyu na mzigo wake. Mashamba yalikuwa matupu, masalia ya pamba yameng'olewa na kuchomwa. Milembe alimkuta langoni, ameshika boksi kubwa kuliko yeye.

"Mdogo wangu, unahama?"

"Nimekuja kumsalimia mzee."

Mzee Mboje alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, akiangalia ndama wawili waliofungwa kambani. Alikuwa amekonda kidogo. Harieth alimwamkia shikamoo. Mzee alimtazama midomo, akaitikia, akaangalia blanketi.

"Umekileta."

"Nimekileta, baba."

Umeme wa pale ulikuwa dhaifu, na joto la safari lilikuwa limevuruga vyanzo vyote viwili. Kimoja kilikuwa kimepanda, kingine kimeshuka. Harieth alivirudisha, lakini havikutulia, viliendelea kutangatanga, akaamua kuviacha. Alikisogeza kiti cha mzee karibu, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya boksi. Akabonyeza noti ya chini kabisa.

Mwanzo hakikutokea kitu usoni mwa mzee. Harieth aliizungusha nobu taratibu kuliko alivyowahi kuizungusha. Sauti zile mbili zilizokosa kutulia zilivutana polepole, zikajaa, zikafunguka. Ndama mmoja aliruka, akaivuta kamba. Mzee alikuwa amefumba macho, hakuwa anautazama mkono wa Harieth. Kiganja chake kilikuwa kimebana juu ya ubao.

Milembe alitoka jikoni, akasimama hapo mpaka sauti ilipokwisha.

"Hii nimeisikia," Mzee Mboje alisema. Alifumbua macho. "Imeingia mpaka huku." Aligusa kifua.

"Ndiyo niliyokuwa naitafuta."

"Zile nyingine sikuwa nazisikia, mayu."

"Najua, baba. Siku ile umeme ulikatika, wewe ukaendelea."

Mzee alicheka, kisha akaona aibu, akajipangusa uso kwa kiganja. "Kumbe ulijua."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningekuambia, ungeacha kuniuliza. Ukiacha kuniuliza, mimi ningetoka na kiti nikakae pale kwa sababu gani? Mtu hawezi kutoka tu akakaa kwa mpangaji wake. Nyanjige alipokufa nilikaa miaka mitano ndani ya kile chumba. Siku moja nikasikia harufu ya risasi, nikasema, hapa kuna sababu."

Harieth alitaka kumjibu kwamba yeye pia hakuhitaji kuulizia ya jana na ya leo. Aliyajua majibu kabla ya kuuliza. Badala yake aliinama, akarekebisha waya ambao haukuwa na kasoro.

"Piga tena," mzee alisema.

Alipiga mara nyingi siku hiyo. Watu wa jirani walikuja kuona, wakaweka mikono kwenye boksi kwa zamu, wakacheka, wakaondoka. Alilala kwa Milembe. Jumapili asubuhi mzee alichelewa kuamka, na alipoamka alikuwa amechoka, hakuongea sana. Kwenye kuagana alimwita Harieth kwa jina la Nyanjige, kisha akajisahihisha haraka.

Boksi alimwachia, kwa sababu lilikuwa zito na kwa sababu Milembe aliliomba: mzee alikuwa ameunganishiwa redio humo, naye ameweka kiganja juu yake. Kinanda alirudi nacho.

Alifika Bariadi saa tisa. Kijana wa Dodoma hakuwepo. Harieth alifungua madirisha, akafagia vumbi la siku mbili, akakiweka kinanda mezani na spika yake ndogo, akabonyeza noti. Ilitoka nyembamba, kama mwanzo. Akakizima.

Simu ilitikisika. Milembe alikuwa ameandika: "Baba anauliza utakuja lini tena."

Akajibu, "Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda." Kisha akaangalia kalenda ya ukutani. Ilikuwa tarehe nne.